Kikundi cha Ukoo: nyumba ya maharusi inukie

Rukia (Dar): Asalaam alaykum nyote. Shikamooni wakubwa. Naomba mnifundishe kufunga kikuba, kile kishada cha maua cha kuvaa, na kufukiza udi. Bwana anatoka kazini saa kumi na moja, mpaka avuke na pantoni kuja huku Kigamboni inafika saa moja kasoro. Nataka akifungua mlango tu ajue kafika kwake. Tuko ghorofani, vyumba viwili, bustani hakuna. Nina chungu kimoja cha asumini pale roshani.

Shangazi Fatma (Unguja): Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Maashallah, ombi zuri hilo. Kabla ya yote muulize mwenyewe anapenda harufu gani. Usikisie. Wako wanaume moshi wa udi unawauma kichwa na hawasemi, anakaa nao kimya mwezi mzima kwa kuona haya. Kama ni hivyo, udi unaufukiza nguoni tu, chumbani unaweka maua.

Bibi: Na umuulize akishakula.

Rukia: Nishamuuliza Bibi. Udi anapenda, asumini ndiyo hasemi kitu, anainusa tu kila akipita.

Shangazi Fatma: Basi kazi imekwisha nusu. Sasa sikiliza habari ya asumini. Chuma saa kumi na moja jioni, vile vitumba vilivyonenepa vikawa vyeupe kabisa lakini havijapasuka. Kitumba kilicho na ukijani ukikichuma hakifunguki tena, kinasinyaa hivyohivyo. Kilichokwisha kuchanua nacho kishatoa harufu yake, usiku wa manane kinageuka hudhurungi. Asumini inafunguka magharibi ikiingia. Ukikifunga kikuba saa kumi na mbili, kinakuja kuchanua kichwani mwako wakati bwana yumo ndani. Hapo ndipo penyewe.

Rukia: Ila chungu changu majani tele, maua mawili matatu!

Hamad (Tanga): Dada, roshani yako inaangalia upande gani?

Rukia: Jua linapiga asubuhi tu, halafu jengo la jirani linaziba.

Shangazi Fatma: Ndiyo sababu. Asumini inataka jua la muda wa saa sita hivi kwa siku, kivulini inakuwa kichaka tu. Kisogeze chungu ukingoni, na samadi usiongeze, samadi nyingi inalisha majani. Yakishaisha maua ya zamu hii, kata ncha za matawi upana wa vidole viwili. Maua yanatoka kwenye machipukizi mapya, tawi zee halikupi kitu. Na maji yasituame chini, mizizi itaoza. Kwa sasa tafuta vitumba ishirini au thelathini sokoni, vinatosha kikuba kimoja.

Mama Mdogo Zuwena (Mombasa): Nimefika. Kikuba niachieni mimi 🌸

Vitu vyake: asumini hizo thelathini, vijiti vitatu vya mrehani, ukanda mmoja wa ua la mkadi, na kilua kimoja au langilangi ukipata. Waridi ukitaka, petali mbili tatu tu za rangi.

Mkadi kwanza. Ule ukanda una miba midogo ukingoni, ipitishie kisu pande zote mbili, la sivyo itakuchoma shingo usiku kucha. Ukate urefu wa kidole, ukunje mara mbili. Huo ndio mgongo wa kikuba.

Juu yake laza mrehani, majani yakitazama juu. Halafu asumini zitunge kwa sindano nyembamba na uzi wa pamba. Sindano ipite kwenye ile shingo ya ua, pale petali zinapoanzia, isipite kwenye petali zenyewe. Petali ikitobolewa inafanya doa la kahawia papo hapo na ua zima linafuata. Tunga kumi kumi, mafungu matatu, uyazungushe juu ya mrehani. Kilua kinakaa katikati. Funga chini kwa uzi huohuo, mizunguko mitano, ukaze kiasi. Ukikaza sana unaikata mrehani na kikuba kinapukutika.

Asya (Muscat): Mama Mdogo, na uzi wa nailoni?

Mama Mdogo Zuwena: Hapana. Nailoni inateleza na inakata shingo ya ua. Pamba, au ule uzi wa mgomba uliolowekwa maji kidogo.

Kivae ubavuni mwa kichwa, nyuma ya sikio, au ukibanie kifuani kwa pini. Upande gani? Ule anaokaa yeye mkiwa kwenye kochi. Haya mambo madogo ndiyo utamu wenyewe.

Rukia: 😍 Upande wa kushoto basi.

Mama Mdogo Zuwena: Na ukikifunga mapema, kitie kwenye kibakuli chenye mfuniko, chini uweke pamba iliyokamuliwa maji, upande wa chini wa friji. Maji yasiguse maua. Friza usithubutu, asumini ikiganda ikija kuyeyuka ni nyeusi.

Shangazi Fatma: Langilangi ukipata chukua ya manjano iliyokoza yenye wekundu kidogo ndani, ya kijani haijawa. Ichumwe alfajiri. Isiyoingia kwenye kikuba haifungwi, unaitawanya kitandani jioni baada ya kutandika. Ua tatu kwa mto mmoja zinatosha, zikizidi mtalala na dirisha wazi. Asubuhi uzikung'ute kabla hazijasagika, mafuta yake yanatia doa shuka nyeupe.

Rukia: Sawa. Na udi je? Nimenunua wa dukani, ukiungua unanuka kama karameli.

Shangazi Fatma: Huo sukari yake ilipita moto jikoni kwao, au makaa yako wewe yalikuwa makali. Nakuandikia wa kupika mwenyewe, si kazi ngumu.

Udi uliotwangwa gramu 250. Sukari kikombe kimoja. Marashi ya waridi nusu kikombe. Miski, ambari na mafuta ya sandali, kijiko cha chai kimoja kimoja.

Sukari na marashi kwenye sufuria nzito, moto mdogo, bila kukoroga koroga, maana ukikoroga inarudi kuwa chenga. Iache mpaka ikivutwa na kijiko inatoa uzi. Usingoje ibadilike rangi. Ikianza tu kuwa kahawia mwaga uanze upya, usiuharibie udi wenye bei yake kwa sukari ya kikombe kimoja.

Epua. Mimina udi, geuza upesi mpaka kila kipande kivae. Ukipoa kidogo, ukawa vuguvugu wa kushikika, ndipo utie miski na yale mafuta. Ukitia kwenye moto harufu inapaa yote na mvuke, jikoni kutanukia vizuri na chupani hamna kitu. Tandaza kwenye sinia iliyopakwa mafuta kidogo, vunja vipande vidogo, tia kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko unaokaza. Wiki mbili usiufungue. Unakolea humohumo.

Asya: Na kufukiza ndiko wengi tunakokosea. Kaa moja tu kwenye chetezo, ungoje mpaka livae jivu jeupe lote. Likiwa bado jekundu wazi, sukari inawaka kabla udi haujapata joto, ndiyo hiyo karameli. Kipande cha udi kiwe kama punje ya harage. Kikitoa moshi mweusi au mkali, nyunyiza jivu juu ya kaa uweke tena.

Rukia: Nguo je?

Asya: Tundu la kufukizia, kile kitenga cha fito, juu ya chetezo, nguo juu yake. Nguo iwe na unyevu kidogo sana, kama iliyokaribia kukauka kambani, inashika moshi kuliko kavu. Dakika tano upande mmoja, geuza, tano tena. Usiondoke hapo. Pamba haina neno, lakini buibui nyingi siku hizi ni poliesta, ikishuka karibu na kaa inayeyuka. Inue tundu liwe juu zaidi. Nywele: nyunyiza marashi ya waridi, zitandaze juu ya moshi kwa mbali, kisha uzifunge kwa kanga nusu saa.

Hamad: Ghorofani dada fungua dirisha hata moja. Moshi wa makaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari, unalewesha mtu bila kujua. Na chetezo kikae mbali na chandarua na mapazia. Kama unaogopa makaa kuna chetezo cha umeme.

Shangazi Fatma: Umesema kweli baba. Na saa: fukiza saa kumi na mbili kasoro robo, saa kumi na mbili na nusu chetezo kiwe kishatoka nje. Akute harufu, asikute moshi. Watu wanachanganya mambo haya mawili.

Asya: Rukia, huku Oman asubuhi tunachoma ubani. Ule wa Dhofar, wanaouita hojari, vidonge vyeupe vyenye ukijani. Huo mwepesi, unafunika shombo la jikoni baada ya kukaanga samaki. Ubani asubuhi, udi jioni. Nitakutumia.

Hamad: Sasa na sie waume tupeni la kufanya. Mke wangu Nasra anataka kupaka hina Alhamisi. Nataka nimfurahishe, si nikae tu sebuleni.

Mama Mdogo Zuwena: Maneno hayo Hamad! Hina ni siku ya mume kuhudumu. Sikiliza.

Jumatano usiku changanya wewe: hina ya unga gramu 100 iliyochujwa kwa kitambaa chembamba, maji ya ndimu kidogo kidogo mpaka iwe nzito kama mtindi, sukari vijiko viwili vya chai, mafuta ya mkaratusi kijiko kimoja cha chai. Ufunike kwa plastiki iguse uso wa hina. Ukiamka, chungulia: juu ikigeuka kahawia na chini bado kijani, imekubali. Ikiwa kijani yote, iache mpaka adhuhuri. Usipoichuja, koni ya kuchorea inaziba na michoro inakatika.

Akishapakwa, mikono yake haifanyi kazi kwa muda wa saa sita. Hapo wewe ndiye mikono. Umlishe. Chakula kisicho na mchuzi: sambusa zilizokatwa vipande, kachori, matunda. Umshikie glasi. Simu yake ikilia umwekee sikioni. Hina ikianza kukauka na kupasuka, chovya pamba kwenye ndimu iliyotiwa sukari, gusa taratibu, usisugue. Mara tatu hivi inatosha, ndimu ikizidi inachuruzika na kuchafua michoro.

Hamad: Kuosha lini?

Mama Mdogo Zuwena: Haioshwi! Inabanduliwa kwa mgongo wa kisu cha siagi, kisha unampaka mafuta ya nazi. Maji mpaka kesho yake. Vyombo vya usiku huo ni vyako. Rangi ikitoka ya chungwa asihuzunike, inakolea siku moja au mbili. Mwambie ni nzuri toka ikiwa ya chungwa.

Na piko nyeusi ile ya kuchanganya na dawa ya nywele, msiikaribishe. Inaweza kutoa malengelenge, na alama yake huenda isiondoke. Hina halisi haiwi nyeusi tii siku ileile.

Bibi: Umlishe kwa mkono, si kwa uma.

Hamad: Sawa Bibi 🙏 Na kanga? Nilitaka nimletee doti moja.

Shangazi Fatma: Kanga mwanamume ananunua kwa rangi, mke anaisoma jina, yale maneno yaliyoandikwa. Soma jina kabla ya kulipa! Nyingi ni mafumbo ya majirani na mawifi. Ukimpelekea mkeo kanga ya kusuta watu, atakaa usiku kucha anajiuliza amekosa nini. Tafuta lenye dua au upendo wazi, na umuulize muuzaji ukiwa na shaka, wao wanayajua yote. Kagua pindo pande zote nne likae sawa na jina lisipinde. Doti inakuja haijakatwa, vipande viwili vimeungana. Mpelekee fundi akate na kukunja upindo, umpe tayari kuvaliwa. Kuifua mara ya kwanza peke yake, maji baridi, maana nyekundu na nyeusi hutoa rangi.

Asya: Na kipande kimoja abaki nacho yeye Hamad cha kujifunikia alasiri. Doti ni ya wawili.

Rukia: Jamani mpaka raha. La mwisho: chai. Kila nikitia tangawizi maziwa yanakatika.

Bibi: Unaitia tangawizi mbichi kwenye maziwa. Ianze na maji. Vikombe viwili vya maji, tangawizi iliyopondwa ukubwa wa kidole gumba, iliki nne zilizopasuliwa, kijiti cha mdalasini, karafuu mbili. Ichemke dakika kumi. Tangawizi ikishaiva haikati maziwa. Ndipo utie kikombe kimoja cha maziwa na majani kijiko kimoja, ichemke mara moja, chuja. Sukari aweke mwenyewe.

Na chai ile mnywe mmekaa pamoja, simu zote mbili ziwe chumbani. Habari ya kodi na luku ya umeme ingoje kikombe kiishe. Na yeye akuulize siku yako ilikwendaje, si wewe tu umuulize. Akisahau, mkumbushe kwa upole, asingoje nikumbushe mimi.

Rukia: Nimempa asome, Bibi. Ameitikia "marahaba" badala ya "shikamoo" kwa haraka 😄 sasa anaandika upya.

Bibi: Mwambie nimepokea.

Asya: Ubani nusu kilo unakuja na mizigo ya Jumamosi, utafikia Unguja. Nani atapokea?

Shangazi Fatma: Niletee mimi, Jumapili naupandisha boti. Rukia, mumeo akaupokee bandarini, na arudi na vitumba vya asumini. Vya kijani asichukue.