Naomba ushauri: mtoto wa mdogo wangu kazaliwa Ujerumani, pasipoti tunaanzia wapi?

Wakuu habari za leo. Niko Dodoma, Nkuhungu. Mdogo wangu na mkewe wanaishi Leipzig, wote Watanzania wa kuzaliwa, na Mungu kawajalia mtoto wa kike. Kwa kuwa wazazi ni raia wa kuzaliwa, mtoto ni Mtanzania kwa kurithi, hapo hatuna shaka. Tunakwama kwenye makaratasi.

Cheti cha kuzaliwa wamepewa na manispaa ya kule, cha Kijerumani. Shida iko kwenye jina la ukoo: pasipoti ya baba na kitambulisho chake cha NIDA vinasema "Chilewa", cheti cha mtoto kimeandikwa "Chileva". Herufi moja tu, lakini mnawajua Uhamiaji, wakiona majina hayafanani fomu inarudi.

Sasa naulizia. Je, cheti kirekebishwe kulekule kwanza, au kiapo cha majina kinatosha? Tafsiri wafanyie kule, au hata ya huku inakubalika? Na mtoto wanampeleka ubalozini Berlin, au mzazi mmoja anaweza kwenda na nyaraka peke yake?

Kuna jamaa ananiambia tumwombee cheti cha RITA huku kama kazaliwa Dodoma, mambo yaishe haraka. Hilo sitaki hata kulisikia, ni kughushi.

Mama yetu yuko Mpwapwa, anataka kumwona mjukuu Desemba. Ikishindikana pasipoti, hati ya dharura ya safari mtoto mchanga anapewa? Na kurudi nayo Ujerumani inakuwaje? Aliyepitia hili atuelekeze tafadhali.