Kawawa alikuwa nani kabla ya TFL?

Katibu_Tawi: Wakuu, salaam. Ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi hapa kiwandani, Chang'ombe. Jumamosi tuna semina, nimepewa dakika kumi kumzungumzia Rashidi Kawawa. Kila ninachosoma kinaanza na "Katibu Mkuu wa kwanza wa TFL, 1955", yaani shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, halafu kinarukia uwaziri mkuu. Mtu haokotwi njiani akapewa ukatibu mkuu. Alikuwa kuli? Mkata mkonge?

Mstaafu_Kurasini: Wala, kijana. Alikuwa mtu wa ustawi wa jamii, kazi iliyonilisha mimi hadi nastaafu, kwa hiyo nivumilie nikijivuna kidogo. Kazaliwa Songea 1926, kasoma Tabora, kaajiriwa serikalini. Sura yake watu waliiona kwanza kwenye filamu, Muhogo Mchungu. Mwaka 1953 akapelekwa Urambo kufanya kazi na Wakikuyu waliozuiliwa huko kwa ajili ya Mau Mau. Hebu fikiria: wewe ndiye mtu wa serikali, na mbele yako wamekaa watu waliofungiwa na serikali hiyo hiyo. Kwa niliyoyaona kazini, ukifika na gari la serikali, siku ya kwanza watu wanakutazama viatu tu. Usipojua kukaa mkekani na kusikiliza, utarudi na daftari tupu. Kiongozi wa chama anahitaji hilo kabla ya kipaza sauti.

Halafu kuna TAGSA, chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Mtumishi alikatazwa siasa, ila madai ya mshahara aliweza kuyasimamia. Kawawa akakiongoza, na kutoka hapo ndipo akaingia TFL.

Binti_wa_Reli: Shikamoo mzee. Usimfiche mwenzako upande wa pili. 1962 Kawawa akiwa Waziri Mkuu ndipo ilipopita sheria iliyoubana mgomo hadi ukawa karibu hauwezekani. 1964 TFL yenyewe ikavunjwa, ikaja NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi chini ya serikali. Nyumbani kwetu wazee wa reli hawakulisahau hilo.

Mstaafu_Kurasini: Marahaba mwanangu. Ni kweli tupu, na mimi silitetei. Katibu, liseme. Ukiliruka, mzee mmoja wa pale nyuma atanyoosha mkono.

Katibu_Tawi: Basi naanzia Urambo, TFL itafuata. Mzee, Jumamosi una nafasi? Nauli na pilau juu ya tawi.

Mstaafu_Kurasini: Pilau ya nyama?