"I'm coming" huku mtu anaondoka: kosa liko wapi?

Binti wa Raskazone
Wakubwa shikamooni, na wenzangu salaam. Niko mapokezi katika nyumba ya wageni hapa Raskazone, Tanga. Juzi mgeni kutoka Uingereza aliniomba taulo la pili, nikamjibu "I'm coming" huku nikielekea stoo. Niliporudi nilimkuta amesimama palepale kaunta, akaniuliza kwa upole nilikuwa nakuja wapi ilhali nilikuwa naondoka. Swali lake limenikaa moyoni, kwani nimekuwa nikisema hivyo kila siku. Je, "come" si kuja?

Mstaafu wa Ngamiani
Marahaba, mwanangu. "Come" ni kuja, hapo hukukosea. Ila sisi tunapomwambia mtu "nakuja" huku tukimpa kisogo, tunahesabu safari nzima, kwenda na kurudi, na tunautaja ule mwisho wake kwa sababu ndio unaomhusu anayesubiri. Ni adabu yetu, nami siioni kuwa kosa hata kidogo. Mwingereza huangalia hatua unayoipiga: ukimwelekea yeye, au ukielekea mahali atakapokuwapo, ni "come", ukimwacha, ni "go". Kwa hiyo akikuita kutoka chumbani nawe uko kaunta, "I'm coming" ni jibu sahihi kabisa, sawa na "naja", maana unamfuata alipo. Ukimwacha kwa muda mfupi, sema "I'll be right back", yaani narudi sasa hivi.

Mwongoza watalii
Mzee wa Ngamiani amesema kweli. Naongeza moja linalonitokea nikipeleka wageni Mapango ya Amboni. Sisi tukitaka kuongozana na mtu twasema "twende", au hata "njoo twende", maneno yote mawili kwa pamoja. Wao husema "I'm going to the caves, do you want to come?": msemaji anakwenda, mwalikwa anakuja, na safari ni ileile moja, kwa kuwa mwalikwa anaunga msafara wa msemaji. Mwanzoni nilidhani mgeni ameshatangulia mapangoni, ananiita nimfuate.

Binti wa Raskazone
Ahsanteni sana. Basi mgeni akinipigia simu kutoka chumbani ghorofani, akasema "I'll come down at seven", ananihesabu mimi niliyeko chini?

Mstaafu wa Ngamiani
Naam, mwanangu. Na hiyo "seven" ni saa moja. Usimwandalie chai saa saba.