Steji finyu: seti ya ngoma inatambaa, kiti kinarudi nyuma. Nyie mnapangaje?

FimboMbili

Wakuu, salaam. Naomba uzoefu wa wale mnaopiga ngoma kwenye majukwaa madogo, yale ambayo bendi nzima inakaa kama imepakiwa sandukuni.

Jumamosi tulipewa jukwaa ambalo kijukwaa cha ngoma kilikuwa mita 2 kwa 2, na nyuma yake hakuna ukuta wala ukingo, pazia tupu limening'inia. Kufika wimbo wa tatu ngoma ya mguu ilishaanza kutambaa kwenda mbele, nami kila nikiifuata kwa mguu, kiti kinasukumwa nyuma. Katikati ya kiitikio mguu mmoja wa kiti ukavuka ukingo. Nilihisi pazia mgongoni na hakuna kitu nyuma yake. Mpiga besi akanidaka bega, lakini goti langu lilishapiga stendi ya krashi, lile toazi la kishindo, ikaenda na maiki ya waitikiaji. Hakuna aliyeumia, na wimbo haukukatika, kwa sababu mpiga gitaa la ridhim alishikilia mpigo mpaka nikakaa sawa.

Seti yangu ni ngoma ya mguu ya inchi 22, sneya (ile ngoma fupi yenye nyuzi chini), tomu mbili za juu, moja ya sakafuni ya inchi 16, krashi mbili, raidi (toazi kubwa la kushikia mpigo) na hai-hati (matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu). Sitaki kuachana na kazi za steji ndogo, maana ndizo nyingi. Nataka kujua mawili: mnapangaje ili kitu kisitembee, na kitu kikivunjika wimbo ukiwa unaendelea mnafanya nini?

---

Mguu_Kulia

Pole sana ndugu yangu. Kuanguka kinyumenyume kutoka kwenye kijukwaa ndiyo ajali ninayoiogopa kuliko zote katika kazi hii, kwa hiyo naanza na hiyo.

Kijukwaa chochote kisicho na ukingo nyuma, usikalie mpaka kiwekewe kizuizi. Kipande cha mbao kikipigiliwa au kufungwa kwa klampu kwenye ukingo wa nyuma kinatosha, ilimradi mguu wa kiti ukigota hapo usiweze kuvuka. Mwenye ukumbi akikataa kupigiliwa mbao zake, omba ngoma zishushwe chini sakafuni. Mimi nimeshushwa mara nyingi na onyesho likaenda vizuri. Watazamaji hawakukuona sana? Wamekusikia. Inatosha.

Sasa kutambaa. Ngoma ya mguu inakimbia kwa sababu kila pigo la nyundo ya pedali linaisukuma mbele, na kiti chako kinapokea msukumo uleule kwa upande wa pili. Ngoma mbele, wewe nyuma. Dawa ni kuvifunga viwili hivyo pamoja, na kinachovifunga ni zulia. Zulia gumu, lenye mpira chini, na kiti lazima kikae juu ya zulia hilohilo. Wengi wanatandika zulia chini ya ngoma peke yake, kiti kinabaki kwenye mbao tupu. Hapo zulia zima linateleza na ngoma zake. Ukilikalia, uzito wako ndio unaoshikilia seti yote.

Halafu angalia miguu miwili ya mbele ya ngoma ya mguu. Ielekee mbele na nje, si kusimama wima. Ile ncha ya chuma itoke ichome zulia, na ukingo wa mbele wa ngoma unyanyuke kidogo tu, upana wa kidole. Ukinyanyua sana, uzito wote unarudi kwenye pedali na ncha hazishiki kitu. Kama bado inatembea, chukua kamba imara, ipitishe kwenye miguu hiyo ya mbele kisha uizungushe kwenye nguzo ya kiti chako. Si jambo la kuonea haya. Ngoma haiwezi kukukimbia kama umeifunga kwenye kiti ulichokikalia.

Kuhusu stendi ya krashi: stendi yenye mkono mrefu inaanguka upande ule ambao toazi limeelekea. Kwa hiyo kati ya ile miguu mitatu, mmoja uwe chini ya mkono huo kabisa, sambamba nao. Kwenye steji finyu watu wanaizungusha stendi ili miguu ipishane na vitu vingine, wanasahau uzito umeelekea wapi. Goti likigusa kidogo, imekwenda.

La mwisho kwenye upangaji, na hili nalisema kwa moyo wote: punguza seti. Tomu moja ya juu ing'oe. Raidi iteremke ikae pale ilipokuwa tomu, karibu na mkono. Krashi moja. Ngoma ya mguu ya inchi 22 yenye kina cha inchi 18 inakula sentimita 46 kabla hujaweka pedali, wakati yenye kina cha inchi 14 inakula kama 36. Sentimita 10 kwenye steji ya namna hiyo ni nafasi ya kiti kusogea mbele kutoka ukingoni. Charlie Watts alipiga viwanja vikubwa kabisa na Rolling Stones kwa ngoma nne. Tony Williams, mpiga ngoma wa jazi, alikuwa na ngoma ya mguu ya inchi 18 alipokuwa kwenye bendi ya Miles Davis miaka ya 1960, na hakuna anayesema mpigo wake ulikuwa mdogo.

Nikifika ukumbini nafika kabla ya wapiga magitaa. Natandika zulia langu, nalo lina alama za tepu za rangi: hapa miguu ya hai-hati, hapa sneya, hapa kiti. Zulia likishatandikwa watu wanaliheshimu. Ukichelewa, utakuta spika ya besi imekaa pale kiwiko chako cha kulia kinapotakiwa kupita, na hakuna atakayeihamisha.

---

FundiMitambo_J

Naongezea kwa upande wa sauti, kwa kuwa mimi ndiye ninayesimama kwenye mashine nikiangalia hayo yote yakitokea.

Steji ikiwa finyu, toazi lako liko sentimita chache kutoka sikio la mtu. Viwango vya afya kazini vya Marekani vinavyopendekezwa na NIOSH, taasisi yao ya utafiti wa usalama kazini, vinaweka kikomo cha saa 8 kwa desibeli 85, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Kwenye desibeli 100 una dakika 15. Krashi ikipigwa kwa nguvu kando ya kichwa inafika huko bila shida. Kwa hiyo krashi isiwe usawa wa masikio ya mwimbaji. Ipandishe juu ya vichwa au iteremshe, na uipeleke upande wa tomu ya sakafuni. Vijiti vyembamba vinasaidia. Vizibo vya masikio wavae wote, si mpiga ngoma peke yake.

Pia nyaya. Asilimia kubwa ya stendi ninazoziona zikianguka hazikuguswa na mtu, zilivutwa na waya. Waya wa maiki upite chini ya zulia au nyuma ya seti, usikatishe kati ya kiti na hai-hati.

---

NyuziNne

Mimi napiga besi. Ombi moja tu kwa wapiga ngoma: kabla hamjaanza, tuambieni vijiti vya akiba viko wapi. Nimewahi kumpa mwenzangu kijiti mkononi bila kuacha kupiga, kwa sababu nilijua mfuko wake umening'inia kwenye tomu ya sakafuni upande wangu. Na steji za kubanana si za leo. Tarehe 11 Februari 1964 Beatles walipiga Washington Coliseum, jukwaa liko katikati na watu wamelizunguka pande zote. Ikabidi kijukwaa cha ngoma kigeuzwe katikati ya onyesho ili kila upande upate zamu ya kuwaona, na kwenye filamu ya siku ile mpiga ngoma wao Ringo Starr anaonekana mwenyewe akihangaika kukigeuza. Akamaliza kusukuma, akapanda, akaendelea kupiga kwa nguvu zilezile.

---

FimboMbili

Asanteni sana, hasa hilo la kiti na zulia kuwa kitu kimoja. Kumbe ndiyo sababu zulia langu linakunjamana mbele kila mara, kiti huwa kimebaki nje.

Mguu_Kulia, nijibu la pili basi. Pedali ikikatika mnyororo, au ngozi ya sneya ikipasuka, unafanyaje? Mwimbaji wetu hasimamishi wimbo kwa lolote.

---

Mguu_Kulia

Na asisimamishe. Yuko sahihi.

Ukiwa na mikono miwili na mguu mmoja bado una mpigo. Pedali ikifa, mkono wa kulia unahamia tomu ya sakafuni na kupiga pale mguu ulipokuwa unapiga. Mkono wa kushoto unabaki kwenye sneya. Hai-hati iendeshe kwa mguu wa kushoto, kufunga na kufungua tu, ile "chik" inawapa wenzako mahali pa kushika. Fundi akiwa macho ataongeza besi kwenye maiki ya tomu. Wimbo ukiisha ndipo unainama.

Sneya ikipasuka, angalia imepasuka wapi. Tundu dogo pembeni, hamia upande wa pili, na sehemu kubwa ya mapigo uyapige kwa kulaza kijiti kwenye ukingo. Ikifunguka katikati, achana nayo, peleka pigo la pili na la nne kwenye tomu ya juu. Hii ndiyo sababu nimekwambia ung'oe tomu moja na si zote mbili. Mimi natembea na sneya ya akiba imekaa kwenye mfuko wake nyuma yangu, imeshakazwa tayari. Kubadilisha ngozi kwenye steji yenye giza ni kazi ya kumaliza mapumziko yote.

Klachi ya hai-hati, kile kishikio cha toazi la juu, ikilegea, toazi la juu linalala juu ya la chini. Liache hapo. Una hai-hati iliyofungwa, piga hivyohivyo mpaka mwisho. Wengine wanaacha mkono mmoja upige huku wa pili unapapasa nati, mpigo unalegea, na mpigo ukilegea kila mtu ukumbini anajua. Toazi likilala hakuna anayejua.

Ila kiti kikianza kushuka au kuyumba, hilo usilivumilie. Simama. Kweli, piga umesimama. Kuna ngoma kabisa zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, zile za koktel za miaka ya 1940, ndefu, pedali inapiga ngozi ya chini kwenda juu, kwa ajili ya vilabu visivyo na nafasi. Kwa seti ya kawaida utaweza sneya, hai-hati na raidi, na mguu wa kulia utaupata kwa shida, lakini uti wa mgongo wako utakuwa salama. Kwenye nguzo ya kiti funga ile pete ya kuzuia chini ya kiwango chako, skrubu ikilegea pete inashika.

Kwenye mfuko wa vijiti weka: funguo mbili za kukazia ngoma, kamba, tepu ya kitambaa, nati za matoazi, washa za sufu, springi ya pedali, na tochi ya kuvaa kichwani. Tochi ya kushika mkononi haikusaidii, maana mikono yote miwili ina kazi.

---

FimboMbili

Nimeandika yote. Ijumaa tuna ukumbi mwingine wa hivyohivyo. Nakwenda na ngoma nne, krashi moja, na kipande cha mbao na klampu mbili kwa ajili ya ukingo wa nyuma. Nimeshampigia mwenye ukumbi, amekubali nifike kabla ya wengine.

---

FundiMitambo_J

Mkuu, muulize pia soketi za umeme ziko upande gani wa jukwaa. Zikiwa nyuma yako, nyaya zote zitapita chini ya kiti chako.