Cursed Child ni kitabu cha nane cha Harry Potter, au hadithi iliishia cha saba?

Mtoa mada:
Wakuu, hili limenikaa kooni tangu 2016, leo acha nilitoe.

Kitabu cha saba cha Harry Potter, yule kijana mchawi, kilitoka Julai 2007. Kilipotufikia bwenini kilikuwa hakina jalada tena, na kila mtu alipewa siku mbili tu, kisha akikabidhi kwa mwenzake. Nilipofika pale stesheni, miaka 19 baadaye, Harry anawasindikiza wanawe shuleni, nikakifunga nimeridhika. Hadithi imekwisha, kila mtu kwao.

Halafu 31 Julai 2016 likaja hili la Cursed Child. Si riwaya, ni maandishi ya mchezo wa jukwaani uliozinduliwa London siku moja kabla. Mwandishi ni Jack Thorne. Kisa alikitunga pamoja na J.K. Rowling na John Tiffany, na Rowling mwenyewe akasema kihesabiwe kuwa sehemu ya hadithi. Nikakisoma usiku mmoja, nikakasirika, wiki iliyofuata nikakirudia. Sasa mtu anakirudiaje kitu kilichomuudhi?

Kilichoniudhi ni Time-Turner, kile kidude cha kurudi wakati uliopita. Cha tano kilivimaliza vyote pale Wizara ya Uchawi. Na katika cha tatu kanuni ilieleweka: ukirudi nyuma, unakuta ulichokuja kukifanya kilishafanyika. Sasa watoto wawili wanarudi miaka chungu nzima, wanagusa kitu kimoja, dunia yote inapinduka. Na Cedric! Mwanafunzi mwenzake Harry, aliyemwambia katika cha nne achukue kombe yeye, eti anaaibishwa mara moja mbele ya watu, anageuka mfuasi wa Voldemort, adui mkuu wa Harry, na kuua. Cedric huyuhuyu?

Lakini kuna blanketi. Usiku wa kuamkia safari ya shule, Harry anampa mwanawe Albus kiblanketi kikuukuu alichofungiwa yeye alipoachwa kwa jamaa zake akina Dursley. Albus hakitaki. Maneno yanapanda, mpaka baba anamwambia kuna wakati anatamani asingekuwa mwanawe. Mtoto anakirusha, kinagonga chupa ya dawa ya mapenzi, kinaloa. Baadaye doa hilohilo ndilo linalomwezesha Harry kusoma ujumbe wa mwanawe aliyekwama mwaka 1981. Mimi na mzee wangu tulikaa miaka miwili hatusemezani. Pale nililia, sikatai.

Haya, tukihesabu cha nane au tukiweke pembeni?

ChaiYaRangi:
Pembeni, na mlango ufungwe. Umemsahau yule mama muuza vitafunio kwenye treni? Miaka yote anasukuma kitoroli chake kimyakimya, kumbe mikono inageuka miiba na sambusa zake za maboga zinalipuka kama guruneti! Na Voldemort kuzaa na mfuasi wake Bellatrix? Lini? Kwa moyo upi?

BintiWaMikindani:
Kaka, ule ni mchezo wa kutazamwa. Ulitwaa tuzo tisa za Olivier, zile za michezo ya jukwaani ya London, mwaka 2017, kuanzia taa na sauti hadi uigizaji. Sisi tumepewa karatasi. Ni kama kupewa orodha ya viungo vya pilau, halafu uulizwe kama umeshiba.

Mtoa mada:
Dada, hapo sikubali. Tamthilia tumezisoma kidato cha tatu bila kuona hata pazia, na kila mhusika tulimjua kwa kauli zake tu. Taa haziwezi kumsafisha Cedric.

Mkwezi:
Mmempita mwigizaji Noma Dumezweni. Desemba 2015 alipotangazwa kuwa ndiye atakayemwigiza Hermione, rafiki wa Harry, watu walipiga kelele kwamba Hermione hawezi kuwa mweusi. Rowling akawajibu: macho ya kahawia, nywele timtimu, akili nyingi; ngozi nyeupe hakuitaja popote. Na huyo dada, wazazi wake Waafrika Kusini, kazaliwa Swaziland, kapitia Botswana, Kenya na Uganda kabla ya kufika Uingereza akiwa mkimbizi. Olivier mojawapo kati ya hizo tisa ni yake. Binti yangu ana nywele hizohizo, na picha ya Noma jukwaani kaibandika juu ya kitanda. Kwangu mimi ni cha nane, Cedric atanisamehe.

ChaiYaRangi:
Mkuu, Hermione huyo nampokea kwa mikono miwili. Mtoto wa Voldemort ndiye abaki nje.

BintiWaMikindani:
Huwezi kuchagua minofu ukaacha mifupa.

ChaiYaRangi:
Mbona kwenye samaki tunachagua?

Mtoa mada:
Hahaha. Basi niwaambie hali ya rafu yangu: saba vimesimama pamoja, hiki kimelazwa juu yao. Mdogo wangu wa mwisho juzi kamaliza cha saba. Akanyoosha kidole juu ya rafu, akauliza, "Na hicho?" Nikamwambia ni cha mama. Mnanishauri nini, nimpe au nikifiche?