Ukoo wa Bi Zuhura: Ohio State 2024

Salim: Shikamoo Mjomba. Hebu nieleze, Ohio State, timu ya chuo ya futiboli ya Marekani, walifungwa mara mbili, fainali ya ligi yao hawakufika, ubingwa wakaupataje?

Mjomba Athumani (Columbus): Marahaba. Mwaka huo mchujo wa ubingwa wa vyuo ulitoka timu 4 ukawa 12. Mabingwa 5 wa ligi waliingia moja kwa moja, nafasi 7 zikagawiwa na kamati. Ohio State kwenye orodha ya kamati walikuwa wa 6. Mfumo wa zamani, kwisha habari yao.

Shangazi Rehema: Lakini kwenye ratiba si waliandikwa wa 8?

Mjomba Athumani: Ndiyo, dada. Nafasi 4 za juu ziliwekewa mabingwa wa ligi. Boise State na Arizona State wakarukishwa juu yao.

Rashidi: Ile mechi ya Oregon kabla ya mchujo ndiyo iliniuma 😅 Zimebaki sekunde 10, Oregon wakaweka watu 12 uwanjani badala ya 11. Mchezo ukachezwa, pasi ikaanguka, sekunde 4 zikaenda. Adhabu? Yadi 5 tu!

Salim: Na 5 hazisaidii?

Rashidi: Piga hesabu. Mpira ulikuwa yadi 43 kutoka mstari wa goli wa Oregon, ukasogea 38. Teke la pointi 3 unaongeza 17: 10 za kutoka mstari huo mpaka nguzo za goli, 7 za pale anapokaa mshika mpira. Kwa hiyo teke la yadi 55. Wakataka kusogea zaidi, Will Howard, mrusha pasi wao, akakimbia nao mwenyewe, anateleza chini saa imekwisha. 32-31 kwa Oregon.

Mjomba Athumani: Siku chache baadaye NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo, wakaliziba hilo tundu. Dakika 2 za mwisho, ukizidisha mtu, mwenzio anaweza kudai sekunde zake zirudishwe.

Shangazi Rehema: Hasara kubwa ya siku ile haikuwa matokeo. Josh Simmons, anayelinda upande wa kushoto, aliumia goti. Novemba Seth McLaughlin, anayetoa mpira katikati, akakatika kano ya kisigino mazoezini. Ukuta wa kumlinda mrusha pasi ni watu 5, hapo umebomoka wawili.

Rashidi: Ikabidi Donovan Jackson asogezwe pembeni, Hinzman akashika katikati. Halafu kocha Ryan Day na ukuta huohuo akang'ang'ana kupita katikati kwa Michigan, penye walinzi Mason Graham na Kenneth Grant! Mbio 26, yadi 77. Pasi mbili zikaibwa, mateke mawili yakakosa. 13-10 kwa Michigan.

Mjomba Athumani: Kwa ile mechi simtetei.

Salim: Kisha?

Rashidi: Kwenye mchujo wakaanza kurusha mapema. Tennessee 42-17. Oregon tena, 34-0 kabla ya mapumziko. Mdakaji Jeremiah Smith peke yake yadi 187.

Shangazi Rehema: Texas wakambana Smith, akadaka mpira mmoja, yadi 3. Huko ulinzi ndio uliookoa. Texas wako yadi 1 kutoka kwenye mstari wa goli, wakarusha mpira pembeni badala ya kusukuma katikati, wakapoteza yadi 7. Jaribio la nne, ndilo la mwisho, Jack Sawyer akamgonga Ewers, mrusha pasi wa Texas, mpira ukamtoka, Sawyer akaubeba yadi 83 kufunga. 28-14.

Salim: Na fainali?

Mjomba Athumani: Notre Dame walianza na shambulizi la karibu dakika 10, kisha wakazidiwa 31-7. Wakarudi mpaka 31-23. Jaribio la tatu la Ohio State, zinatakiwa yadi 11 wabaki na mpira, Smith akaachiwa mlinzi mmoja.

Rashidi: Mmoja!! Akadaka pasi ya yadi 56. Teke, 34-23.