Maiti za Misri ya kale: magadi makavu au maji ya magadi? Na mbona siku 70?

Mdadisi
Habari wakuu. Nasoma jinsi Wamisri wa kale walivyokausha maiti na nimekwama pawili. Wapo wanaoandika kwamba maiti ilizamishwa kwenye maji ya magadi, wengine wanasema ilifukiwa ndani ya magadi makavu. Ipi sahihi? Na zile siku 70, zote zilikuwa za kukausha? Naomba na sababu.

Sanda_ya_Kitani
Makavu, mkuu. Kazi yote ni kutoa maji mwilini, na maji ni zaidi ya nusu ya uzito wa mtu. Magadi ya Wadi Natrun, bonde la jangwani huko Misri, ni kabonati na bikabonati ya sodiamu, yamechanganyika na chumvi ya kawaida na salfati. Yanavuta maji, yanageuza mafuta kuwa sabuni, na bakteria hawastawi ndani yake. Ukiyayeyusha majini, ngozi ya juu inabanduka na nyama inabaki imelowa.

Waliodhani ni maji walisoma vibaya maelezo ya Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 5 KK. Mkemia Alfred Lucas alijaribu njia zote mbili kwa njiwa na akaona makavu ndiyo yanayofaa. Mwaka 1994 watafiti Bob Brier na Ronald Wade walirudia kazi nzima huko Maryland, Marekani, kwa maiti iliyotolewa kwa ajili ya sayansi. Magadi yaliyotumika yalizidi kilo 250 na mwili ulikaa humo siku 35. Ubongo haukutoka vipande vipande kwa ndoana kama wengi wanavyodhani. Kifaa chembamba kilipenyezwa puani, kikatoboa mfupa mwembamba ulio juu ya pua, kikakoroga ubongo mpaka ukawa uji, kisha maiti ikainamishwa ukamwagika.

Baada ya hapo ubavu wa kushoto ulipasuliwa, tundu dogo tu la kupitisha mkono. Ini, mapafu, tumbo na utumbo vilitolewa na kukaushwa kando. Kifua na tumbo vilisafishwa kwa mvinyo wa mitende, vikajazwa vifuko vya kitani vyenye magadi ili ukavu uanzie ndani pia, ndipo mwili wote ukafukiwa.

Kukausha kulichukua siku 35 hadi 40. Zilizobaki ni za kuosha, kupaka mafuta ili viungo vilainike, kujaza na kufunga sanda. Kufunga peke yake kulikula siku nyingi, maana kila kidole kilizungushiwa chake na hirizi zikapachikwa kati ya tabaka.

Mizani_ya_Maat
Niongeze upande wa imani, kwa sababu 70 haikutoka kwenye magadi. Nyota ya Sirius, waliyoiita Sopdet, hupotea machoni kwa takriban siku 70 kila mwaka, kisha huchomoza alfajiri karibu na majira ya mafuriko ya Nile. Waliamini nyota zikipotea hivyo ziko Duat, kuzimu, na maiti alipewa muda uleule.

Na moyo waliuacha mahali pake makusudi. Ndio wenye akili na kumbukumbu, na ndio utakaopimwa na unyoya wa Maat, mungu wa kike wa ukweli na haki, mbele ya Osiris, mungu wa wafu. Ukiwa mzito, unaliwa na Ammit, mwenye kichwa cha mamba, kifua cha simba na makalio ya kiboko. Ndiyo maana juu ya kifua waliweka mbawakawa wa jiwe aliyechorwa dua ya kuusihi moyo usimshitaki mwenyewe.

Diodorus, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 1 KK, anasimulia kwamba aliyepasua ubavu alikimbia papo hapo huku wenzake wakimrushia mawe. Kumjeruhi marehemu ni dhambi, hata kama kazi yenyewe ni ya lazima.

Mdadisi
Asanteni sana. Na kazi ilipoharibika, iliharibikia wapi?

Sanda_ya_Kitani
Kwanza kabisa ni uhaba wa magadi. Yakishashiba maji hayavuti tena, na sehemu iliyo chini ya mgongo inaoza. Pia kuzidisha siku: baada ya 40 mwili hauna cha kutoa, ngozi inakuwa kavu ya kupasuka.

Kisha ni mkono mzito wakati wa kujaza. Enzi ya Nasaba ya 21, yapata 1000 KK, walipachika vitu chini ya ngozi ili uso urudi kama wa mtu aliye hai. Malkia Henuttawy alijazwa mno, mashavu yake yakapasuka. Linganisha na Farao Ramesses II, ambaye puani aliwekewa punje za pilipili manga, na pua yake iliyopinda bado imesimama.

Tatu ni kumwaga mafuta na utomvu wa miti bila kipimo. Farao Tutankhamun alimiminiwa mengi kiasi kwamba mwaka 1925 mwanaakiolojia Howard Carter alimkuta ameganda kwenye jeneza, na sanda yake imeungua kwa kemia ya mafuta hayo, nyeusi kama mkaa.

Mizani_ya_Maat
Tusisahau kwamba haya yalikuwa ya wenye nacho. Maskini wengi walizikwa mchangani tu. Yule mtu wa Gebelein, kusini mwa Misri, aliyezikwa yapata 3400 KK na sasa yuko British Museum, hakupasuliwa wala hakutiwa magadi. Mchanga wa moto ulimnyonya maji, na nywele zake zipo mpaka leo.